Ukoo wa Ngome na Nguruwe

Jina lenyewe sitaliandika. Ni la mume wa binti yangu, na mama yangu alinilea nikijua kwamba mtu halitamki jina la mkwe wake, kama vile asivyokula naye meza moja. Sijui kama katazo hilo linavuka bahari. Mkwe wangu ni Mzungu wa Buffalo; siku ya kwanza tulipoonana alinikumbatia mbele ya watu, nikakauka kama kuni, na binti yangu akacheka hadi akakaa chini. Lakini nilichofundishwa nimekishika. Nitaeleza maana ya jina bila kulitaja, ingawa maana hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi wote.

Kwanza niseme habari zetu, ili nisionekane nawasema wengine tu. Sisi Warundi wa kwetu hatukuwa na jina la ukoo. Kila mtoto alipewa lake, jipya, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kambini Tanzania, ofisa wa mahojiano ya kuja Amerika alitupanga mimi na ndugu zangu, akatazama karatasi, akamuuliza mkalimani: hawa ni ndugu kweli? Mbona kila mmoja ana jina lake? Kaka yangu akajibu, "Kwani alitaka tuwe na moja tuligombanie?" Mkalimani hakuitafsiri hiyo, nashukuru.

Na jina kwetu ni maneno. Baba alipokosana na jirani, mtoto aliyezaliwa mwaka huo, yule kaka yangu, akamwita kwa sentensi nzima, maana yake "watachoka kusema." Jirani akawa analisikia asubuhi na jioni, mtoto akiitwa kuja kula. Hakuna aliyemtukana, lakini ujumbe ulifika. Mimi jina langu halikuwa la jirani. Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto, basi baba akaniita kwa neno la takataka, zile zinazofagiwa zikatupwa nyuma ya nyumba. Kifo kikipita kikasikia mtoto anaitwa hivyo, kitasema hapa hakuna cha kuchukua. Ndivyo nilivyopona, au ndivyo walivyoamini. Wazee wa Kizungu ninaowahudumia kule Gahanna, kando ya Columbus ninakokaa, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huniambia jina langu ni tamu mno. Bibi mmoja alisema akipata paka mwingine atampa hilo. Nikamwambia asante.

Sasa ugomvi. Ulianzia kwenye mahari, na swali lilikuwa langu. Tulifanyia sherehe Louisville, katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu binti yangu na mchumba wake wanaishi huko, upande wa Shively. Kwetu wazee wa pande mbili hukaa wakitazamana, na upande wa mke huuliza: nyinyi ni ukoo gani, mmetokea wapi? Wiki chache kabla nilimwambia binti yangu, mwambie baba wa mchumba wako ajiandae, ataulizwa maana ya jina lao. Binti yangu akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake akichoka nami: "Mama, watu wa hapa majina yao hayana maana, ni majina tu." Sikumwamini. Jina lisilo na maana liliingiaje kinywani mwa mtu wa kwanza?

Siku ilipofika, baba mtu alisimama. Ni mzee mrefu, mjane, amestaafu kiwanda cha unga cha Buffalo. Alikuwa amekuja na ubao wa ukutani umefungwa kwa blanketi, akaufungua mbele yetu: una ngao, una mnara, na jina lao limeandikwa chini kwa dhahabu. Akasema jina lake ni la Kijerumani, na maana yake ni walinzi wa ngome. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Msemaji wetu, ambaye akishika kipaza sauti hakiachi, akajibu, "Tulikuwa na hofu tunamtoa mtoto kwa watu tusiowajua, kumbe tunampeleka ngomeni!" Tukanywa Fanta. Mzee alikuwa mwekundu kwa furaha, na mimi nikaona nimeuliza swali zuri.

Lakini mkwe wangu swali lilimkaa kichwani. Anafanya kazi kwenye ghala la mapipa ya wiski, kazi ya kuviringisha na kungoja, na wakati wa mapumziko akawa anasoma kwenye simu. Aliyoyapata alimsimulia binti yangu, naye akanisimulia mimi, kwa hiyo yamepita mikono miwili kabla ya kufika hapa. Zamani, katika vijiji vya Wajerumani, watu walikuwa na jina moja moja, kama sisi. Wenye jina moja walipozidi, majirani wakaanza kuongeza: yule wa darajani, yule mwenye upara, yule wa kinu. Kisha wakaja waandishi wa kodi wa mabwana wakubwa, wakayaandika yale ya majirani kama yalivyo. Baba akafa, mtoto akabaki na upara wa baba yake ilhali ana nywele tele. Jina likaganda. Na la ukoo wao lilianza kwa mtu aliyechunga nguruwe wa kijiji.

Nisiwe mwonevu. Mkwe wangu alisoma pia kwamba wengine wanalitoa kwenye mahali, kilima chenye tope walikogaagaa nguruwe pori. Na wapo wachache wanaosema mahali hapo palikuwa na mnara, kwa hiyo mzee hakusema uongo mtupu. Nayaandika yote matatu, sina elimu ya kuchagua. Ila ule ubao wa dhahabu, alisema, unauzwa kwa yeyote anayetuma hela na jina lake, na mnara ni uleule kwa koo nyingi.

Angeyanyamazia hayo, labda tungekuwa salama. Krismasi walikwenda Buffalo. Mezani palikuwa na paja la nguruwe, mzee ameshika kisu anakata, na mwanawe, kwa mzaha tu, akasema, "Kata vizuri, Baba, hiyo ndiyo kazi ya ukoo." Akaeleza yote, ubao pia. Mzee akaweka kisu chini. Akasema mtoto asiyeheshimu jina lake hafai kuwa nalo. Mwana akasema nguruwe si tusi. Neno likazaa neno, mpaka mzee akasema, na binti yangu amekaa pale: "Mwache, yeye ameoa kwa watu ambao hata jina la ukoo hawana."

Binti yangu alinipigia akiwa ndani ya gari. Alianza kunisimulia akicheka, ile ya kisu, halafu sauti ikavunjika. Na mkwe wangu akaapa kwamba jina hilo litaishia kwake. Akizaa, mtoto hatalibeba.

Nilikaa na maneno yale wiki nyingi, nikiyageuza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hatuna jina la ukoo. Lakini ni kweli, hatuna. Alichokosea ni kulisema kama vile ni uchi, na je, unaweza kumdai mtu msamaha kwa kusema kweli kwa sauti mbaya? Nilikuwa namfunga bibi wa watu vifungo vya sweta, mikono inafanya kazi, kichwa kiko Buffalo.

Mtoto akazaliwa mwezi wa nne, wa kiume. Nikaenda Louisville kumwosha na kumpikia mama yake uji. Hospitali waliwaachia siku za kulifikiria jina, na nyumbani tukamwita Kadogo. Hapo ndipo binti yangu, yule anayenijibu Kiingereza, akakataa kata kata. "Baba wa baba ndiye anayempa mtoto jina," alisema kwa Kirundi safi. "Asipokuja, mtoto wangu hana jina."

"Mpigie baba mkwe wako, basi."

"Mume wangu anasema baba yake ndiye apige."

"Na baba yake?"

"Anangoja apigiwe. Wote ni nguruwe, Mama, hilo jina ni la haki kabisa."

Nilicheka lakini usingizi uliniisha. Mtoto asiye na jina ni kama mlango usio na kitasa, hujui uufungue vipi. Kadogo alikuwa anakua na kunyonya na kuwatazama watu, na sisi tunamwita kwa kimo. Niliporudi kwangu Reynoldsburg, hapo hapo Columbus, nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilikwenda kazini, nikarudi. Si kazi ya mama wa mke kwenda kwa baba wa mume kuomba jina. Kwetu ungeonekana unamsukuma binti yako ukweni. Kwa upande mwingine, tusi lilikuwa limetupwa kwetu, na ni mimi peke yangu ningeweza kumwambia mzee kwamba halikunivunja. Niliwaza hivyo, kisha nikawaza kinyume chake. Siku yangu ya mapumziko nikajikuta nimeshaweka mafuta ndani ya gari.

Barabara ya sabini na moja ndiyo maisha yangu: kusini inakwenda kwa binti yangu, kaskazini ilikuwa haijanipeleka mbali. Nilifika Cleveland, nikakata mashariki kufuata ziwa, upepo ukisukuma gari. Buffalo kulikuwa na theluji chafu kando ya njia ingawa kwetu maua yalishatoka, na hewa inanuka nafaka iliyookwa. Nyumba yake ni ya mbao, imebanana na za majirani. Nilibonyeza kengele kisha nikataka kukimbia.

Alifungua, akanitazama, uso ukambadilika. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Kuna aliyezaliwa."

"Najua. Nimeona picha."

"Picha haimpi mtu jina," nikasema.

Kiingereza changu ni cha kazini: inua mkono, meza dawa, pole pole. Nilichokielewa ndicho ninachokiandika. Labda alisema zaidi. Alinikalisha sebuleni. Ukutani palikuwa na alama nyeupe ya mraba, mahali ulipokuwa ubao. Aliona ninavyotazama.

"Upo stoo ya chini, pamoja na makopo ya rangi kuukuu," alisema. Halafu, bila kuniangalia: "Bibi, nilisema jambo kuhusu watu wako."

"Ulisema hatuna jina la ukoo. Ni kweli."

"Sikulisema kwa sababu ni kweli."

"Najua. Lakini ni kweli."

Akakuna kidevu. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kilio, si kwa kukubaliwa. Akanieleza jambo ambalo mwanawe hakulisoma kwenye simu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Amerika ilipopigana na Wajerumani, majina kama lao yaligeuka sumu. Watu waliwarushia matofali dirishani. Ndugu wa babu yake waliokuwa Louisville walilibadili, wakachukua la Kiingereza, na tangu hapo wakapotea, hata hawazikani. Babu yake alikataa. Alitia mbao dirishani na jina likabaki mlangoni. "Sikuwa nalinda ngome," mzee alisema. "Nilikuwa nalinda alichokilinda yeye. Sasa mwanangu anataka kulitupa kwa sababu ya nguruwe."

"Si kwa sababu ya nguruwe," nikasema. "Kwa sababu yangu."

Hapo nikamwambia la kwangu. Nilimweleza maana ya jina langu, kwamba ni uchafu wa ufagio, na kwa nini baba alinipa. Sikupamba. Aliuliza kama siku hizi naona haya kuitwa hivyo, nikamjibu wenzangu kazini wanadhani ni ua.

"Kwa hiyo nguruwe ni jina zuri?"

"Sijui," nikasema, kwa maana sijui. "Lakini ningekuwa kifo ningeanzia kwenye ngome."

Hakucheka. Alikwenda jikoni, nikasikia anazima jiko. Akarudi na koti na kofia. Akasema nimtangulie garini, anatafuta dawa zake za shinikizo la damu.

Njiani hakuwa mtu wa shukrani. "Unaendesha kama mtu anayefukuzwa," alisema kabla hatujafika Erie.

"Nimewahi kufukuzwa. Nimezoea."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikavu kama kikohozi. Nikapunguza mwendo kidogo, kwa heshima yake.

Tulipofika Columbus aliomba tupite mitaa ya kusini, ile ya nyumba za matofali na njia za matofali, ambako Wajerumani wa zamani walikaa wakipika bia. Tawi moja la ukoo wake liliishi pale. Nimekaa mji huu miaka na sikuwa nimewahi kupita huko. Tulikwenda taratibu, gari likitetemeka, mzee amebandika uso kwenye kioo. Madirisha yana maua, watu wanatembeza mbwa. Nilimuuliza ni nyumba ipi. Akatazama mtaa mzima, akasema, "Mojawapo, labda." Nilimpenda kwa hiyo labda. Nikampeleka kwangu, akala maharage na ndizi bila kuuliza, akalala kwenye sofa yangu miguu ikining'inia.

Kesho yake, baada ya Cincinnati, akaniuliza tunavyopata majina. Nikamwambia: unatazama kilichotokea mtoto anapozaliwa. Mvua, njaa, safari, furaha. Na kama kuna mtu hamsemezani, unaliweka neno lako ndani ya jina, mtoto analibeba, na yule mtu atalisikia atake asitake. Nikamsimulia la kaka yangu, "watachoka kusema." Alilipenda hilo. Akaanza kujaribu majina kwa sauti, anatazama nje. "Matengenezo ya Barabara." Tukapita lori. "Mashamba Matupu." Kisha: "Mama Mkwe Hatoi Ishara." Nilimwambia ishara nilitoa. Akasema hakuiona, na nikiwa mkweli sina uhakika.

Tulipokaribia Shively aliacha kutaja majina. Akatoa leso, akairudisha. Na mimi sikuwa nimewaambia kwamba naja naye. Ningesema nini kama mlango ungefungwa usoni mwake? Nilikuwa nimembeba mzee wa watu, mwenye dawa za presha, hadi kwenye aibu ya pili, tena kwa mkono wangu.

Mkwe wangu ndiye aliyefungua. Alinitazama mimi, akatazama nyuma yangu. Nikainamisha macho, kama ilivyo desturi, na pia kwa woga.

"Umekuja," alimwambia baba yake.

"Mama mkwe wako haendeshi, anakimbia," mzee akasema. "Nimefika nimefumba macho."

Binti yangu alitokea nyuma ya mumewe, mtoto begani, akamwona mzee. Alikwenda kujifunga kitenge kipya. Akawapigia akina mama wa kanisani wanaokaa karibu, wakaja na sufuria, na watoto wao wakakaa sakafuni kula kwenye sinia moja, kama inavyotakiwa mtoto anapopewa jina. Kisha binti yangu akatoka na Kadogo hadi kibarazani, kwenye mwanga, akamweka mikononi mwa mzee. Alimshika vizuri, kichwa kwenye kiwiko.

Mzee alingoja hadi watoto wakaacha kutafuna. Halafu akasema sentensi moja kwa Kiingereza, akimtazama mtoto, lakini kila mtu alijua anamsemesha nani: "Hata hivyo, nimekuja."

Binti yangu akaigeuza Kirundi. Kwa Kirundi ni neno moja, na linasikika kama jina la mtu aliyezaliwa kwetu kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkwe wangu alielewa. Binti yangu alishamfundisha majina yetu yanavyofanya kazi. Alijifuta uso kwa mkono wa fulana, akacheka.

"Sawa," alimwambia baba yake. "Wa pili nitampa jina mimi, na nitakujibu."

"Usichelewe. Mimi si kijana."

"Na la nguruwe?"

Mzee alimrudishia mama mtoto kwanza. "Hilo si langu kutoa wala kunyima. Nililikuta."

"Basi na yeye atalikuta," mkwe wangu alisema, akaingia ndani kutafuta kalamu.

Sikusikia mzee akiomba msamaha kwa lile neno la Krismasi, wala mwana kwa la kisu. Labda walisema baadaye jikoni, sikuwepo. Mzee alibaki pale. Mimi nilikuwa na shifti kesho yake, nikarudi Columbus peke yangu. Njia nzima niliwaza kama nilivuka mpaka wa mama wa mke, na kama mama yangu angekuwa hai angenisifu au angenigeuzia mgongo. Karibu na Cincinnati nikajaribu kulitamka jina zima la mjukuu wangu, nilisikie lilivyo. Neno la kwanza lilitoka vizuri, nikalirudia. Nilipofika la pili, lile la baba yake, mdomo ukajifunga wenyewe. Nikaongeza sauti ya redio, nikaendelea na safari.